Netiboli ilitufundisha kusimama, lakrosi inataka tukimbie

Ukitaka kujua binti alikuwa anacheza namba gani kwenye netiboli wala usimuulize, mpe stiki ya lakrosi alafu mwambie akimbie na mpira kutoka golini kwao mpaka golini kwa wenzake. Aliyekuwa GK, yaani mlinda goli ambaye netiboli haimruhusu kutoka theluthi ya nyuma, akikaribia katikati ya uwanja utaona anapunguza mwendo, anaangalia chini kama anatafuta mstari, alafu anageuka geuka kutafuta mtu wa kumpa. Mstari wenyewe haupo, hakuna refa atakayempulizia ofsaidi, uwanja wote ni wake, ila mwili umeshakariri. Aliyekuwa C, mchezaji wa kati, atakimbia vizuri tu mpaka akishika pasi, hapo anakanyaga breki, mguu mmoja chini, anazunguka na ule mwingine, netiboli kabisa, ambako hukimbii na mpira. Na GA, mfungaji, yeye atafika golini akiwa peke yake na kipa, atasimama atulie apime. Wakati anapima mabeki wawili washarudi.

Mi mwenyewe nimecheza C toka primary mpaka UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kwahiyo nawaelewa sana, sio kwamba nawacheka. Sasa hivi nafundisha mabinti wa lakrosi huku Temeke kwenye uwanja wa shule ya msingi, wengine wako sekondari, wengine wamemaliza form four wanasaidia mama zao gengeni, na karibu wote walipita kwenye netiboli. Stiki tuliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kujitolea, aliondoka akaacha begi la stiki, mipira ya njano na zile miwani za wavu, magoli tukachomelea kwa fundi, futi sita kwa futi sita. Ndo hivo tulivyoanza.

Kwa asiyeujua huu mchezo, tunacheza ile ya watu sita sita akiwemo kipa, wenyewe wanaiita Sixes, ndo hiyo itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Stiki ina kikapu cha nyuzi kwenye ncha, unadaka, unakimbia na mpira unaubembeleza usidondoke, unatoa pasi, unapiga. Uwanja ni mita 70 kwa 36. Netiboli ni mita 30 na nusu tu urefu, kwahiyo hapo tu ushajua mapafu yanayotakiwa ni mengine. Kila timu ikipata mpira ina sekunde 30 iwe imepiga shuti. Na sheria inayobadilisha kila kitu ni hii, ukifunga goli hamrudi kati kuanza upya kama kwenye ile lakrosi kubwa ya wanawake ambako kila goli linafuatiwa na droo, yaani wachezaji wawili kugombea mpira katikati, hapa kipa aliyefungwa anaokota mpira anaanza nao hapo hapo. Yaani goli lako wewe ndo mwanzo wa shambulizi la mwenzio.

Hii sheria niliwaelezea kwa mdomo sana, wanaitikia ndiyo kocha, ndiyo kocha. Siku moja tunacheza wenyewe kwa wenyewe, timu A ikafunga bonge la goli, vigelegele, kukumbatiana, mwingine anakata mauno kabisa kwenye kona. Kipa wa timu B hata hakuwaangalia. Aliinama akatoa mpira nyavuni akaurusha mbele kwa mwenzake mmoja aliyekuwa amebaki katikati amenuna tu kwasababu hawampi pasi, yule akapokea akageuka akajikuta yeye na kipa, goli. Timu A wamerudi kutoka kwenye mauno wanauliza "kocha hilo halali?" Halali kabisa. Toka siku hiyo kushangilia kwetu ni kugonga stiki mara moja huku unarudi kinyumenyume, macho kwa kipa wao.

Basi mambo ya kushambulia kwa kushtukiza, fasti breki watu wa basket wanavyoita, watu wengi wanaona ni suala la mbio. Mbio zinasaidia sitakataa. Lakini chukua binti wako mwenye spidi kuliko wote mpe mpira akimbie mita 70, alafu mpira mwingine upite kwa pasi tatu za watu waliosimama tu kwa kupangana, mpira unafika yeye hata nusu hajamaliza. Hilo zoezi huwa nalifanya na kila mgeni mapema kabisa, bila maneno, anajionea. Kazi ya miguu ni kwenda mahali pasi itakapofika. Na hapa netiboli inatusaidia kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, maana binti wa netiboli anajua kuchomoka kwenda kwenye nafasi, anajua kudanganya huku akatokea kule, na ile sheria ya sekunde tatu imemfanya asizoee kukaa na mpira. Ukiniletea mabinti kumi wa netiboli na kumi wa riadha nachukua wa netiboli asubuhi na mapema.

Shida ni kile kitu cha kusimama ukidaka. Na kwenye lakrosi ya wanawake kikapu cha stiki ni kifupi, mpira lazima uonekane juu ya ukingo ukiangalia kwa pembeni, haukai ndani kama kwenye sufuria, ukisimama ghafla unaruka unaenda mbele yako. Kwahiyo kusimama kunakunyima nafasi na mpira pia. Nilijaribu kupiga kelele "usisimame usisimame", haisaidii chochote, mtu anayeambiwa usisimame anafikiria kusimama. Kilichosaidia ni kumbadilisha mtoa pasi. Nikawaambia wanaopasi marufuku kumrushia mtu mwilini, pasi iende mbele ya bega lake la upande wa stiki hatua mbili tatu, kama hakukimbia haupati na mpira ukipotea ni kosa lake sio lako. Baada ya hapo wakawa wanakimbia wenyewe maana mpira unawakimbia. Alafu kudaka kwenyewe, mpira unaupokea stiki ikirudi nyuma kidogo pamoja nao, ukiusubiri na stiki ngumu unagonga unadunda. Ukishaupokea mikono inaanza kubembeleza hapo hapo, miguu haina habari.

Tulikuwa na kizuizi kimoja cha kijinga, uwanja wetu una mchanga upande wa kaskazini na upande wa pili ni kigumu kama lami, mpira wa chini huku unakwama kule unateleza mpaka kwenye mfereji. Mabinti wakajua wenyewe, ukiokota mpira upande wa mchanga usiinamie umesimama, unapita nao, stiki chini karibu iguse ardhi, magoti yamekunjwa, unapita nao kama unazoa, na unaendelea hatua tano kabla hata hujafikiria kutoa pasi. Zile hatua tano ndo zinakutoa kwenye msongamano. Wengi wanaokota alafu wanataka kupasi wakiwa bado katikati ya stiki nne, wanapigwa mpira unadondoka, tunaanza upya.

Turudi kwa kipa. Mimi namhesabu ni mshambuliaji wa kwanza. Kipa wetu ni binti mnene kidogo, mtaani kwao walikuwa wanamtania hawezi michezo, ana sauti ya kuuza samaki Feri, na hilo ndo lilinifanya nimuweke pale. Akidaka shuti au akiokota baada ya goli ana kazi ya macho kwanza, anaangalia mbali kabisa, kuna mtu wetu peke yake? Hakuna, anaangalia pembeni. Hakuna, ndo anampa aliye karibu. Mbali, pembeni, karibu, tunaimba hivo mazoezini mpaka watoto wa shule wanaopita wanaimba na wao. Katikati mbele ya goli letu pasi haipiti kabisa, hata kama mtu yuko wazi, maana mpira ukinaswa pale hakuna beki wa kumuokoa, wote wameshageuka kwenda mbele. Pembeni ukinaswa bado kuna muda wa kurudi.

Na asisubiri kuitwa. Zamani alikuwa anasubiri mtu apige kelele "nipe!" ndo atupe, na ukishasikia nipe ujue na beki wa timu pinzani kasikia. Sasa yeye ndo anaita, anataja upande tu, "kulia!", na mtu wa kulia anajua mpira uko hewani tayari hata kabla hajageuka.

Nimesema wanaopasi na kipa, sasa wale wasio na mpira. Hapa ndo nimepoteza sauti yangu kuliko sehemu nyingine. Mpira ukipatikana mabinti wote wanne waliobaki wanamkimbilia aliyenao, wanamzunguka kama abiria wa Mbagala wanaogombea daladala ya mwisho, na mabeki wa wenzao wanashukuru maana beki mmoja anawalinda watatu. Nilimwaga chokaa nikagawa uwanja njia tatu kwa urefu, kulia, kati, kushoto, sheria ya mazoezi ni kwamba wakati wa kutoka nyuma kwenda mbele hakuna njia yenye watu wawili sambamba. Wa pembeni wanakanyaga karibu na mstari wa nje kabisa. Walilalamika, "kocha mi nakimbia tu huku sipewi mpira." Ni kweli, mara nyingi hupewi. Lakini ukiwa huko beki mmoja anakuja na wewe, na yule akija na wewe katikati panakuwa wazi. Kumshawishi binti wa miaka kumi na sita kwamba amefanya kazi kubwa wakati hajagusa mpira ni kazi, nikawa nikisimulia goli baada ya mechi naanza na aliyekimbia bure, mfungaji namtaja mwisho.

Alafu kuna wa nyuma, wa tano, anayechelewa. Huyu simlazimishi awahi. Watatu wa mbele wakifika wanawavuta mabeki mpaka karibu na duara la kipa, kunabaki nafasi ya mita kadhaa nyuma yao ambayo haina mtu, na yule anayechelewa anaingia hapo na mpira unarudishwa kwake akiwa kwenye mwendo. Magoli yetu mengi mazuri ni ya huyu mtu. Na mara nyingi ni beki. Hapa narudi kwa wale GK wangu waliokuwa wanasimama katikati, kumbe ndo silaha, maana mshambuliaji wa wenzao anayetakiwa kumfuata hajazoea kurudi nyuma kukaba, ataanza na yeye atachoka njiani ataachia. Binti mmoja mrefu aliyekuwa GK miaka yote hajawahi kufunga goli maishani mwake, netiboli haimruhusu hata kutoka kwenye theluthi yake, siku amefunga la kwanza alilia mpaka tukasimamisha mazoezi. Sasa hivi ukimwambia abaki nyuma ananuna.

Mkifika mbele mko watatu kwa wawili, au wawili kwa mmoja, hapo ndo watu wanaharibu. Binti anaona beki mita kumi mbele anatoa pasi mapema kwa woga, beki anatembea tu anamfuata mwenye mpira mpya, faida imeisha. Mwenye mpira anatakiwa amwendee beki, mpaka yule achague. Akikuchagua wewe mabega yake yanakugeukia na stiki inapanda, hapo toa. Akiendelea kumkaba mwenzio, wewe huna haja ya kutoa, nenda kapige mwenyewe. Wananiuliza kila siku, "kocha nikimbie au nitoe?" nawajibu muulize beki. Zoezi letu kubwa ni hilo hilo, wawili kwa mmoja, wakimaliza aliyepiga anageuka kuwa beki wa wanaokuja kutoka upande wa pili, alafu watatu kwa wawili, haukatiki. Na wakati huo namwambia beki kwa siri awadanganye, ajifanye anakuja arudi. Huko mbele mabeki waongo wako wengi.

Ila kumwendea beki sio kumvamia. Lakrosi ya wanawake hairuhusu kumgonga mtu na mwili, wewe mwenye mpira ukimpanda beki aliyesimama mahali pake kosa ni lako, na beki naye stiki yake haitakiwi kukaribia kichwa chako. Mama mmoja alikuja uwanjani kwa hasira, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia juu juu, "Mwalimu, mafimbo haya mwanangu si atatobolewa jicho?" Nikampa ile miwani ya wavu aivae mwenyewe, nikamwonyesha na kinga ya meno, mwanae anavaa miwani juu ya hijabu inakaa vizuri tu. Siku hizi yeye ndo anatunza mipira.

Kosa lingine la wanaokwenda kasi ni duara la kipa, lina mita tatu kila upande, mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga ndani. Ukija na spidi miguu inakupeleka ndani goli linafutwa. Tuliweka kamba ya katani chini mita moja kabla ya duara, shuti litoke kabla hujaifikia. Na usipige mpira upande ambao kipa ameshika stiki, kila mtu anajua hilo akiwa amekaa, akiwa anakimbia anasahau. Kwenye ardhi ngumu ya upande wetu wa pili mpira wa kudundisha mbele ya kipa hauna jibu, ule wa upande wa mchanga unakufa, kwahiyo kabla ya mechi kipindi cha kwanza tunajua tunashambulia wapi na tutapiga vipi.

Joto nalo. Dar mwezi wa pili ukikimbia hivyo saa kumi jioni unaanguka, tunaanza saa kumi na moja na nusu tunaiba mwanga mpaka giza. Unyevu wa hewa yetu unamaliza watu kimya kimya. Lakini Sixes unabadilisha wachezaji mpira ukiendelea, na sisi tumeligeuza hilo kuwa sehemu ya shambulizi. Beki aliyechoka mpira ukipatikana upande wa mbali anakimbilia kutoka, na anayeingia anaingia kwa nguvu mpya moja kwa moja mbele, wenzao bado wanamtafuta yule aliyetoka. Hii inataka nidhamu benchi, anayesubiri asimame stiki mkononi, sio amekaa anachezea simu. Nimewarudisha watu nyumbani kwa ajili ya simu.

Jambo ambalo nimebishana nalo na watazamaji kuliko wachezaji ni kuacha. Tumefika mbele, tumehesabu, wako watatu na sisi watatu, kipa wao kajipanga. Hapo fasti breki imekufa, mwenye mpira anaurudisha nyuma nje ya msongamano tunapanga upya, sekunde bado zipo ishirini. Vijana wa mpira wanaosubiri uwanja pembeni wanapiga kelele "piga! piga we dada!" na binti anapiga kweli, kipa anadaka, na sasa wote watano tuko mbele nyuma hakuna mtu. Shuti baya la kasi linawapa wenzako shambulizi zuri zaidi kuliko lako. Tukaweka neno moja, aliye nyuma kabisa ndo anaona uwanja wote, ndo anahesabu, akisema "tulia" hata kama uko peke yako na unajiona shujaa unarudisha. Akisema "haya" nenda. Mwenye mpira haruhusiwi kujiamulia mwenyewe kwenye hili, na najua makocha wengine hawatakubaliana na mimi, wanasema unaua ubunifu wa mchezaji. Labda kwa watu wazima wenye miaka kumi kwenye mchezo. Binti aliyeanza juzi akikimbia anaona mita tano mbele basi.

Waganda wako mbele yetu kwenye hili eneo letu, walishapeleka wanaume kombe la dunia Denver mwaka 2014, wa kwanza kutoka Afrika, na nikiangalia video zao naona vitu vya kuiba. Wanatumia mikono yote miwili. Sisi bado. Karibu mabinti wangu wote ni wa mkono wa kulia, kwahiyo anayekimbia pembeni kushoto akipokea mpira lazima auvute kuja katikati ndo apige, na beki akishalijua hilo anamsubiri hapo hapo. Wiki hizi tunafanya kushoto tu, kudaka kushoto, kupasi kushoto, mazoezi yamekuwa ya aibu kabisa mipira inaenda mfereji huu na ule, nyuzi zinakatika tunaziunga na uzi wa wavuvi, na kipa wetu ndo pekee anayefurahi maana hakuna shuti linalomfikia. Nimewaambia tunaendelea hivyo hivyo mpaka mvua za masika zitutoe uwanjani.